Kitanda Kisichofunguka

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu kule Machakos husema nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijajifunza kumngoja mtu. Naanza na hilo nisije nikaonekana nimeficha. Haya ninayoyaeleza yalinipata nikiwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mtu anatarajiwa awe na akili, na nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimeziweka kando kidogo kwa ajili ya mwanamke mmoja muuza samaki.

Kazi yangu ni useremala. Nafanyia Nairobi, Kawangware, pale kituo cha 46, kwenye banda la mabati kando ya barabara, mafundi sita chini ya paa moja. Banda lile halina karatasi wala mkataba. Lilianzishwa na mzee mmoja, Mkamba mwenzangu wa Kitui, tunamwita mzee wa banda, na sheria yake ni moja: mahali pako ni pale benchi lako lilipo. Benchi likiwa chini ya paa, una mahali. Ukiliondoa, pameenda, na kabla ya jioni mwingine ashaingiza lake. Nje juani hawakosi mafundi wanaosubiri mmoja wetu aondoke. Mimi mwenyewe nilikaa nje miaka mitatu kabla ya kupata kona, na ilikuwa kona ya mbele kabisa, ambayo mteja akifika tu anakutana na uso wangu.

Siku moja nikapata kazi Kibera, upande wa Lindi, kufunga kaunta ya duka la mtu. Saa saba njaa ikanishika. Kwenye mdomo wa kichochoro kulikuwa na kibanda, na ndani yake mwanamke na karai lake la mafuta anakaanga mgongo wazi, yaani ule uti wa samaki unaobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa. Nikaagiza kwa kujiamini. Sasa, Mkamba na samaki ni watu wasiojuana sana. Nilikuwa katikati ya kumweleza jinsi mimi ni fundi hodari, mwiba ukanikwama kooni.

"Meza ugali! Usitafune, meza!" akanipa tonge zima mkononi, akanipiga kofi la mgongo ambalo nadhani lingetosha kumtoa ng'ombe shimoni.

Mwiba ukashuka. Machozi yalikuwa yamenijaa, na yeye ananitazama bila kucheka, jambo ambalo lilinigusa.

"Wewe ni Mkamba," akasema.

"Umejuaje?"

"Mtu wa ziwa haongei samaki akiwa mdomoni."

Kwao ni Homa Bay. Mpaka leo akinipa samaki huangalia kwanza kama ugali uko karibu. Kaunta ile ilikuwa kazi ya siku mbili, mimi nikaifanya siku tano, na mwenye duka akaanza kuniuliza kama ninajenga meli.

Baada ya hapo kila Jumapili, kanisa likitoka, nilikuwa Lindi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama akipaa magamba, akigeuza samaki, akiongea na wateja wake. Alikuwa na miaka sita pale. Kuna fundi viatu aliyekula kwake kila siku ya Mungu, kuna mama wa mitumba aliyetuma mtu kumnunulia, na yeye alijua nani anataka kichwa na nani anataka mkia kabla hawajafungua mdomo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kibanda, ndani kabisa ya kichochoro. Mwanamke wa maneno machache, mpole, lakini wa maswali. Wee! Maswali yake hayakuisha.

Miezi sita ikapita hivyo, nami nikaona inatosha. Nikamwambia, "Nahamia huku."

Alikuwa anapaa samaki. Hakuinua kichwa. "Huku wapi?"

"Huku kwako, Lindi. Tukae pamoja, halafu twende nyumbani tujitambulishe, kwenu na kwetu."

"Benchi utaliweka wapi?"

"Benchi ni benchi. Popote."

"Mbao utazipitisha wapi? Hapa hata jeneza hupita limesimama wima."

"Tutaona."

"Wateja wako watakujulia wapi? Na mvua ikinyesha?"

Hapo damu ikanipanda. "Kwani unanipenda ama unanifanyia intavyuu ya kazi?"

"Nakuuliza tu, fundi."

"Mtu anayependa hana maswali mengi hivi!"

"Basi mimi ninayo," akasema, akaendelea na magamba yake.

Nilirudi Kawangware nimefura. Niwe mkweli: niliumia. Nilikuwa nimelelewa nikiamini kwamba mapenzi ni mtu kuruka, na anayechungulia shimo kwanza hana moyo. Nikasema sawa, huyu dada anataka kuona vitendo. Nitamwonyesha.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo kuhusu vitanda. Kitanda chochote kinachotengenezwa Kawangware au Kibera hufunguka. Kinashikwa na bolti kwenye pembe zake, ukiwa na spana unakivunja vipande vipande, unakipitisha mlangoni, unakifunga tena ndani. Sisi sote ni wapangaji, na mpangaji ni mtu wa kuhama. Hata fundi aliyeanza jana analijua hilo. Mimi nilikuwa nimeshatengeneza vitanda vya namna hiyo hata sikumbuki vingapi. Lakini hiki kilikuwa cha ndoa yangu. Nikajiambia, haki ya Mungu, ndoa yangu haitashikwa na bolti.

Nikachagua mbao ya saiprasi iliyokauka vizuri. Nikachonga ndimi za mbao na matundu yake, nikaingiza ulimi ndani ya tundu, nikapiga gundi, nikapigilia vigingi vya mbao ngumu. Futi tano kwa sita. Ubao wa kichwani nikachora samaki wawili wanatazamana. Mzee wa banda alikuja akainama, akatazama, akauliza, "Hizi ndala ni za nini?"

"Ni samaki, mzee."

"Ahaa." Akazunguka kitanda, akagonga pembe, akatafuta bolti kwa kidole. "Na hiki kinafungukia wapi?"

"Hakifunguki."

"Chumba cha huyo mtu umekipima mlango?"

"Mzee, penye nia pana njia."

"Kijana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mguu ni wangu," nikamjibu. Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyenipa mahali chini ya paa lake. Nikikumbuka naona aibu mpaka kwenye masikio.

Jumamosi asubuhi nikaliondoa benchi langu. Mafundi wakapiga makofi, wengine kwa furaha yangu na wengine kwa furaha yao, maana fundi mmoja wa viti aliyekuwa nje alishaanza kusogea. Nikakodi mkokoteni. Benchi chini, sanduku la vifaa kando, kitanda juu, na mimi nyuma nasukuma huku namtabasamia kila mtu. Tulivuka Ngong Road watu wakituachia njia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Hilo nalo lazima niliseme, maana si kweli kwamba mjinga huwa na huzuni.

Tukafika Lindi kama saa nne. Yeye hakuwa kibandani, alikuwa chumbani. Vizuri, nikasema, atatoka akute kitanda mlangoni. Nikamwambia mtu wa mkokoteni ashike huku nishike kule, tukaingia kichochoroni. Hatua kumi za kwanza, sawa. Ya kumi na mbili, kichochoro kinapinda kidogo penye ukuta wa mabati wa jirani, na hapo kitanda kikaingia nusu kikakataa. Tukakisimamisha kwa ubavu, kikakwama kwenye paa. Tukakilaza, kikakwama kwenye kuta zote mbili. Tukavuta nyuma. Hakikurudi.

Watu wakaanza kujaa. Upande wa huku akina mama wenye mitungi ya maji, upande wa kule watu wanaoenda kazini na vibarua. Mzee mmoja alikuwa na kuku. Nikasukuma kwa bega nikipiga kelele, "Penye nia pana njia!"

Mama mwenye mtungi akanijibu, "Nia iko, njia ndio hakuna! Toa kitanda tupite!"

Kicheko kikalipuka mbele na nyuma. Jasho likanitoka. Nikagonga yale mabati ya jirani, nikasema nitang'oa mawili tu, nipite, niyarudishe. Sauti ikatoka ndani, "Thubutu!"

Ndipo yeye akatoka. Alikuwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Akatazama kitanda, akatazama samaki wangu wawili wametazama mbinguni, akanitazama mimi niliyekuwa nimebanwa kati ya ubao wa miguuni na ukuta.

"Kinafunguka?" akauliza.

"Hakifunguki."

"Kwa nini?"

Watu wote wanangoja. Nikasema, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe, "Kwa sababu yako."

Hata hapo hakucheka. Akakaribia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Benchi umeliacha bandani?"

"Liko kwa mkokoteni."

Uso wake ukabadilika. Akasema haraka, "Lirudishe. Sasa hivi, kabla hawajajaza mahali pako. Nilikuuliza maswali manne, fundi, hukujibu hata moja. Nenda, lirudishe."

Angekuwa ameniambia "nakupenda, lakini...", ningesikia. Angekuwa ameniambia pole, ningesikia. Mimi nilichosikia ni nenda. Na mbele ya kichochoro kizima, mbele ya mitungi na kuku, nikamfokea, "Sema tu hunitaki! Sema wasikie! Miezi sita unanizungusha kama mtoto!"

Midomo yake ilitetemeka kidogo. Akageuka, akarudi ndani na mfuniko wake, akafunga mlango polepole. Yule mama wa mtungi, ambaye alikuwa amecheka sana, akaniambia, "Sasa hapo umekosea, baba." Tukasaidiana watu wanane kukitoa kile kitanda kinyumenyume, na hakuna aliyenitania tena, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko utani.

Nilipofika 46, mahali pangu palikuwa na benchi la yule fundi wa viti. Mzee wa banda akanitazama kwa huruma, lakini sheria ni sheria, na nilijua. Nikaweka benchi nje, pale pale nilipoanzia miaka ile. Kitanda kikanunuliwa wiki iliyofuata na mtu mwenye nyumba ya mawe na mlango mpana, akasema amependa zile ndala. Kisha mvua ikaanza. Kila wingu likijikusanya nafunika mbao kwa nailoni, jua likitoka nazifunua, gundi haikauki, mbao zinavimba, wateja wanapita wananiona nimelowa wanaingia kwa mwingine. Nilikuja kukaa nje mwaka mzima kabla ya kurudi chini ya paa.

Wiki tatu sikwenda Lindi. Mchana nilikuwa najifanya nina hasira, maana hasira nimeizoea. Lakini ukweli nilikuwa na hamu naye mpaka chakula hakikupita. Nilikuwa nakigonga kidole changu badala ya msumari. Nilijua nimepoteza mahali, na nilijua nimempoteza yeye, na vyote viwili kwa asubuhi moja, kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitunga maneno ya kumwomba msamaha, kila nikiyafikisha mwisho nakumbuka ile midomo ilivyotetemeka, nakosa uso wa kwenda nao.

Asubuhi moja nilifika mapema kidogo kuliko kawaida, saa mbili kasoro. Nikamkuta mzee wa banda ameketi kwenye rundo la mbao, anakula kutoka kwenye gazeti. Nikasogea. Mgongo wazi! Mkamba wa Kitui, asubuhi, anafyonza mifupa ya samaki huku macho ameyafumba.

"Mzee, hiyo umetoa wapi?"

"Kwa dada mmoja hapo kona ya kuingia mtaa wa Kongo. Anakuja na ndoo yake siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili. Ukifika saa mbili humpati." Akalamba kidole. "Ni mtamu wa mkono, lakini ana maswali yule! Ameniuliza mvua ikinyesha maji husimama wapi. Ameniuliza watu wa huku wakila samaki wanapenda wa aina gani. Ameniuliza banda letu lina miaka mingapi, na kama mtu akiwa na mahali hapa anaweza kuondolewa."

Nikaketi kando yake kwenye rundo. "Ameanza kuja lini?"

"Ni kitambo. Kabla hujapeleka kile kitanda chako."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba kuna samaki Kongo? Kwani ulishawahi kumleta hapa tukamjua?"

Sikuwahi. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kwake.

Kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa Kongo. Kulikuwa na ukungu wa mvua, matope, na watu wanaotoka kwenda kazini. Alikuwa pale, ameketi kwenye kibao kidogo, ndoo imefunikwa kwa kitambaa cheupe, anamfungia mtu samaki. Aliponiona akamaliza kumfungia yule mtu kwanza, akasema asante, ndipo akanitazama.

"Unafanya nini hapa?" nikauliza. Kati ya yote niliyotunga wiki tatu, hicho ndicho kilichotoka.

"Nauza samaki."

"Lindi kuna nini?"

"Lindi niko bado. Huku naangalia tu kama watanunua." Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Wananunua. Jumatatu hununua zaidi."

Nikachuchumaa kando yake kwenye matope. Akaanza kunieleza taratibu, anatazama barabara. Kwamba alishaulizia chumba katika ploti kumi na moja. Wenye nyumba kumi wamemkatalia, hawataki moshi wala harufu ya samaki. Wa kumi na moja ni mzee wa kutoka Siaya, amemruhusu akaange upande wa nyuma, mradi maji ya samaki asiyamwage mlangoni. Kwamba chumba chenyewe kiko karibu na banda letu, mtu anaweza kuja kula saa saba akarudi kazini.

"Wewe ukihama, mahali pako panaenda," akasema. "Mimi nikihama, karai linakuja na mimi. Lakini nina watu wangu kule, wa miaka sita. Siwezi kuwaacha bila kujua ninaenda kula nini huku. Nilijua mmoja wetu atahama. Nikaona ni mimi."

"Na maswali yote yale..."

"Nilitaka usikie mwenyewe kwamba si wewe wa kuhama. Nilikuwa nimebakisha wiki mbili nikuambie. Ndio nikaona kitanda kinaingia kwa kichochoro."

Nilifunika uso kwa mikono. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili kwa pamoja. "Mbona hukuniambia mapema, mama?"

"Ningekuambia ungengoja?"

Mteja akaja, akataka mkia, akapewa. Alipoondoka nikasema, "Nisamehe kwa ile kelele. Mbele ya watu wako. Hukustahili."

Akapanga samaki wake ndani ya ndoo, waliobaki, mmoja mmoja. "Kitanda nilikisamehe siku ile ile," akasema. "Kitanda kilikuwa kizuri. Ile kelele ndiyo imeniweka kimya wiki tatu. Moshi najua nitaupeleka wapi. Maji ya samaki najua. Ile kelele nimekuwa nikijiuliza nitaiweka wapi ndani ya chumba kimoja."

"Na umefika wapi?"

Akachagua samaki wawili wakubwa, akawafunga kwa gazeti, akaniwekea mkononi.

"Bado nafikiria," akasema. "Lakini sijaacha kuja. Kula, halafu uende kazini."